Muulize Anko: Kwenye tamthilia za Waarabu siku hizi, nani stelingi?

SWALI: Anko shikamoo. Mi nauza dagaa hapa Mwaloni Kirumba, jioni nikishafunika mzigo huwa napita kibanda umiza cha jirani kucheki mpira. Sasa wiki iliyopita mechi ilikuwa bado, mwenye kibanda akaunganisha simu yake kwenye tivii akaweka vipande vya tamthilia ya Kiarabu, kuna bibi wa Kiyahudi anazalisha wanawake kijijini na watu wanampenda balaa. Kijana mmoja wa bodaboda akasema mnaona, Waarabu wenyewe washamalizana na Israel, tumebaki sisi Wabongo kugombana kwa niaba yao. Kuna mzee akachachamaa, akasema hiyo tamthilia ni ya kupikwa, imetengenezwa kuwalainisha watu. Ikawa kelele mpaka mpira ukaanza hatuna habari. Hebu nieleweshe, tamthilia inaweza kweli kumbadilisha mtu mawazo kwenye jambo zito kama lile? Na yule bibi ni nani? (Msomaji wako, Kirumba)

ANKO: Marahaba mwanangu, na pole kwa kukosa dakika za kwanza.

Huyo bibi anaitwa Umm Haroun, yaani Mama Haruni, na ndo jina la tamthilia yenyewe. Aliyemcheza ni Hayat al-Fahad wa Kuwait, mtu mzito sana kule Ghuba, kuna watu wamezaliwa wakamkuta kwenye tivii na wakazeeka naye. Ilirushwa Ramadhani ya 2020 na MBC, ambayo ni kampuni ya Kisaudi, na inahusu mji wa Ghuba miaka ya 1940, Waislamu, Wakristo na Wayahudi wanaishi ukuta kwa ukuta, wanapendana, wanagombana, wanaoana kwa tabu. Mama Haruni ni Myahudi, nesi na mkunga.

Ukisikia hivo unajiuliza sasa kosa liko wapi, mkunga kazalisha watoto kuna ubaya gani. Na ni kweli Wayahudi waliishi nchi za Kiarabu karne na karne, Baghdad walikuwepo, Cairo walikuwepo, Yemen walikuwepo, Bahrain mpaka leo kuna wachache. Kumcheza Myahudi kama binadamu sio dhambi, na mi nasema ilichelewa, kwa sababu huko nyuma waliwahi kufanya vituko. 2002 Misri walitoa tamthilia ndefu iliyochota kwenye yale maandishi yanayoitwa Protokali za Wazee wa Sayuni, maandishi ya kughushi kabisa yaliyotungwa Urusi ya kifalme kuwachafua Wayahudi, na ikarushwa Ramadhani, watu wametoka kufuturu wanalishwa uongo na juisi. Kwa hiyo usije ukadhani zamani tamthilia zilikuwa safi zikaja kuharibika juzi.

Kilichowasha moto 2020 ni majira. Ramadhani ile iliisha mwezi wa tano. Mwezi wa nane Emirati wakatangaza kwamba wanafungua uhusiano na Israel. Tarehe 15 Septemba wakasaini White House wao na Bahrain, Oktoba Sudan ikakubali, Desemba Morocco. Sasa mtu aliyeona Mama Haruni mwezi wa nne halafu akaona bendera zinapeperushwa mwezi wa tisa, unamlaumuje akisema alipikiwa? Saudia yenyewe haikusaini lakini ndo mwenye nyumba ya MBC, na serikali yao ndo yenye hisa nyingi pale.

Na Mama Haruni hakuwa peke yake. Ramadhani hiyohiyo, chaneli hiyohiyo, kulikuwa na komedi inaitwa Makhraj 7, staa wake ni Nasser al-Qasabi, mchekeshaji mkubwa wa Saudia. Hiyo ndo ilikuwa na pilipili hasa. Kuna sehemu mzee mmoja wa familia anataka kufanya biashara na Waisraeli, anaambiwa wale ni adui, anajibu kwamba adui hasa ni yule unayemsaidia miaka yote halafu anakutukana usiku na mchana, na hapo anamaanisha Wapalestina. Kuna sehemu nyingine mtoto anacheza gemu la mtandaoni, kumbe rafiki anayecheza naye ni mtoto wa Israel, nyumba nzima inataharuki, tumkataze, tumwache, tumfanyeje.

Sasa hapa ndo nataka unielewe, na nitatumia lugha ya kibandani maana ndo shule tuliyosoma wengi. Kwenye movi kuna stelingi na kuna adui. Stelingi hafi, hata akipigwa risasi saba anaamka. Adui anajulikana mapema, akitokea tu watu wanazomea. Miaka na miaka kwenye tamthilia za Waarabu Mpalestina ndo alikuwa stelingi na Muisraeli ndo adui, hakuna mjadala. Mwaka 2004 Wasyria walitoa tamthilia ya familia ya Kipalestina tangu enzi za Mwingereza mpaka kufukuzwa na kuishi kambini, al-Taghriba al-Filistiniyya, ya muongozaji Hatem Ali, na watu wazima walikuwa wanalia mbele ya watoto wao. Kabla yake huko, miaka ya 80, Misri nzima iligandia tamthilia ya jasusi wao aliyeishi Israel miaka mingi akijifanya Myahudi, Raafat al-Haggan.

Mama Haruni alichofanya ni kumtoa Myahudi kwenye kiti cha adui akamweka cha stelingi. Sawa, hiyo naweza kuimeza. Lakini ile komedi ilifanya kitu kingine, ilimtoa Mpalestina kwenye kiti cha stelingi ikampa nafasi ya yule ndugu wa kijijini, unamjua, anayekuja mjini kila mwezi kuomba hela na akirudi anakusema vibaya. Hiyo ndo dawa yenyewe mwanangu. Humwambii mtu mpende Muisraeli, hatakubali. Unamwambia tu, hivi na wewe hujachoka na hawa?

Lugha ya Kiarabu ina neno la hili jambo, wanaita tatbii. Sasa we sikiliza hilo neno vizuri, ni shina lilelile lililotuletea sisi neno tabia. Yaani kukifanya kitu kiwe tabia, kikae mwilini mpaka usikione tena. Wanaopinga uhusiano na Israel wanalitumia kama tusi, ukiitwa mtu wa tatbii umeisha. Na kuifanya iwe tabia huwezi kwa hotuba moja ya mfalme, unahitaji kitu kinachoingia sebuleni kila usiku. Ndo maana Ramadhani. Tamthilia zao nyingi zina vipande thelathini, kila usiku kimoja, familia imeshiba, bibi yupo, watoto wapo, na matangazo ya biashara ya mwaka mzima yanasubiri mwezi huo. Mwanza tunajua hiyo hali, ukishakunywa uji wa pilipili manga na tambi mbili tatu mwili unakataa kunyanyuka, rimoti iko mbali, unaangalia chochote kilichopo.

Haya, ilifanya kazi? Hapa yule kijana wa bodaboda anikalie vizuri. Kuna kituo cha utafiti kiko Doha kinawauliza watu wa nchi nyingi za Kiarabu swali moja miaka yote, je unakubali nchi yako iitambue Israel. Duru ya 2019 na 2020, ambayo imeingia mpaka kwenye mwaka wa Mama Haruni, asilimia 88 walisema hapana na 6 tu ndo walisema ndio. Duru ya 2022, mikataba imesainiwa, ndege zinatoka Dubai kwenda Tel Aviv kama daladala za Igoma, waliokataa ni asilimia 84. Baada ya vita ya Gaza kuanza wakauliza tena, Januari 2024 ikawa 89. Ukitazama hizo namba unaona tamthilia imepita kama mvua ya kwanza kwenye mawe ya Bismarck, imelowesha juu tu.

Ila usikimbilie kushangilia. Angalia Saudia peke yake. 2022 waliosema hapana walikuwa asilimia 38 tu. Unadhani waliobaki walisema ndio? Hapana, wengi walikwepa kujibu. Januari 2024 waliosema hapana wakapanda mpaka 68. Mi nimekaa na hizo namba siku mbili nazigeuza kama samaki kwenye mafuta. Mtu anayekwepa kujibu hajabadilika mawazo, amesoma upepo. Ameona kwenye tivii ya nchi yake, usiku wa Ramadhani, mchekeshaji anayependwa anasema maneno ambayo zamani mtu angeyasema chumbani kwa kunong'ona, na hakuna aliyemkamata. Akaelewa kwamba sasa hayo yanaruhusiwa, na labda yale mengine, ya kuitetea Palestina kwa sauti, ndo yanaanza kuwa na gharama. Kwa hiyo anakaa kimya. Halafu Gaza ikawaka, na watu wakaona kwenye simu zao picha ambazo hakuna mwongozaji aliyezipanga, ule ukimya ukapasuka. Morocco nako vilevile, utafiti wa Arab Barometer unaonyesha waliokuwa wanaunga mkono uhusiano walikuwa asilimia 31 mwaka 2022, baada ya vita wakabaki 13.

Kwa hiyo mzee wako wa kibandani, pale aliposema imepikwa, sina ushahidi wa nani alishika mwiko lakini harufu ya jikoni aliisikia sawasawa. Alipokosea ni kudhani walaji wote wameshiba.

Tena kuna upande wa pili ambao hakuna aliyeutaja hapo kibandani. Misri ina mkataba wa amani na Israel tangu 1979. Ubalozi upo, mabalozi walishabadilishana, sasa ni zaidi ya miaka arobaini. Kama serikali kusaini kungetosha, Wamisri leo wangekuwa washazoea. Ramadhani ileile ya 2020 wao walitoa El-Nehaya, maana yake Mwisho, hadithi ya mwaka 2120, maroboti na nini, na mwanzoni kabisa mwalimu anawafundisha watoto darasani kwamba Israel ilivunjika kabla haijatimiza miaka mia. Wizara ya mambo ya nje ya Israel ikalalamika, ikasema haikubaliki hasa kati ya nchi zenye amani kwa miaka 41. Yaani mwezi mmoja, upande mmoja wa bahari Myahudi ni mkunga mpendwa, upande wa pili nchi ya Wayahudi imefutwa kwenye ramani, na mtazamaji mwenye dishi anaona zote mbili kabla ya daku.

Na Novemba mwaka huohuo staa wa Misri, Mohamed Ramadan, alionekana kwenye picha Dubai kamkumbatia mwimbaji wa Israel anaitwa Omer Adam. Picha tu! Vyama vya wasanii Misri vikamsimamisha. Alijitetea kwamba haulizi mtu anatoka wapi kabla ya kupiga naye picha, na kusema kweli staa anapigwa picha mia kwa siku, lakini hilo halikumsaidia. Wale wanaomsimamisha sio serikali, serikali yao ina ubalozi Tel Aviv! Ni wasanii wenzake.

Nikwambie kitu kimoja cha kwetu halafu nikuache urudi kwenye dagaa. Pale mtaani kwangu Pasiansi kuna mzee, ukimwonyesha tamthilia yoyote ya Kiarabu, iwe ya mapenzi, iwe ya upishi, anasema hawa ndo walitupiga bomu Saanane. Vijana wanamcheka wanadhani amechanganyikiwa. Hajachanganyikiwa. Mwaka 1979, vita ya Amin, Gaddafi wa Libya alileta ndege kumsaidia Amin, moja ikaja kulenga matenki ya mafuta hapa Mwanza, mabomu yakakosa yakaangukia Kisiwa cha Saanane, wakafa swala. Swala! Yule mzee alikuwa kijana anapakia mizigo bandarini, akausikia ule mlio. Sasa we mletee tamthilia ya vipande thelathini umbadilishe mawazo kuhusu Waarabu, uone kama utamuweza. Kwake Mlibya, Msaudi na Mpalestina ni kapu moja, na sio haki hata kidogo, Mpalestina hakuhusika na lile bomu, nimemwambia mara ngapi sijui. Kila mtu anaingia kibandani na Saanane yake mfukoni.

*

SWALI: Anko habari za kazi. Mimi na mume wangu tunagombania rimoti kila jioni. Napenda tamthilia za Kituruki zilizowekwa sauti za Kiswahili, yeye anasema ni porojo za mapenzi, wanaume wanalia, siasa hamna, bora habari. Mi naona zina siasa tele sema tu imevaa gauni. Nani kashinda? (Mama wawili, Igoma)

ANKO: Dada umeshinda, na mwambie shemeji nimesema mimi.

Mwaka 2008 Waarabu walitafsiri tamthilia ya Kituruki wakaiita Noor, wakaiwekea sauti za Kisyria, ikarushwa MBC, na chaneli ilikadiria watu milioni 85 waliangalia kipande cha mwisho. Milioni 85 dada, na Tanzania nzima wakati ule tulikuwa kama nusu ya namba hiyo tu. Mufti mkuu wa Saudia akaipiga marufuku kwa maneno, watu wakaangalia hivohivo. Ikaja 2018, Saudia na Uturuki hawaelewani, Machi ile MBC ikaziondoa tamthilia zote za Kituruki hewani, zingine katikati ya stori, wanawake Riyadh hata hawakujua bwana harusi alifika au hakufika. Kama ni porojo tupu za mapenzi wangezitoa za nini?

Lakini mfano ninaoupenda mimi ni wa sofa. Januari 2010 tamthilia moja ya Kituruki ya mambo ya ujasusi, Kurtlar Vadisi, ilionyesha majasusi wa Israel wanateka watoto. Israel ikakasirika, naibu waziri wa mambo ya nje Danny Ayalon akamwita balozi wa Uturuki ofisini. Akamkalisha kwenye sofa fupi, yeye na wenzake wakakaa kwenye viti virefu, juu ya meza ipo bendera ya Israel peke yake, halafu akawageukia wapiga picha akawaambia kwa Kiebrania muone, yeye kakaa chini, sisi juu, na hatutabasamu. Balozi kakaa pale kama mkwe aliyekuja kuomba radhi bila mbuzi. Uturuki ikaja juu, ikatishia kumrudisha balozi nyumbani, Israel ikaandika barua ya kuomba msamaha. Na ujue Uturuki ndo nchi ya kwanza yenye Waislamu wengi kuitambua Israel, 1949, kwa hiyo hawa walikuwa wamezoeana miaka sitini wakaja kugombana kwa sababu ya kipande kimoja cha tamthilia.

Mpe rimoti siku za mechi. Siku zingine ikae kwako.

*

SWALI: Anko, mi niko Ukerewe. Umeongelea Waarabu na Israel kama mambo ya mbali lakini Entebbe si hapo tu ng'ambo ya ziwa? Mbona ile stori huwa tunaijua kwa movi tu? (Mvuvi)

ANKO: Umenishika pabaya mvuvi.

Kweli kabisa, usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976 makomando wa Israel walitua Entebbe kuokoa mateka wa ndege ya Air France, mateka 102 wakatoka hai, na kabla miaka miwili haijaisha tayari kulikuwa na movi tatu juu ya usiku mmoja. Watu wazima wa pwani hii ya ziwa, ukiwauliza Israel ni nini, wengi wanakuja na hiyo, jeshi linalotua gizani na kuondoka. Sisi serikali yetu ilishavunja uhusiano na Israel tangu 1973, ukarudi 1995, na Tanzania Bara hatukuwa hata na kituo cha tivii mpaka 1994, msimamo wote ule tuliubeba kwa redio na magazeti. Lakini movi ya Entebbe ilishapita kwenye kanda za video kibandani, na pale serikali haikuwa na sauti.

Niliiangalia nikiwa mdogo, Mabatini, tumebanana kwenye benchi, jamaa wa kutafsiri kashika maiki. Alipotokea Amin kibanda kizima kilizomea, si kwa ajili ya Israel bana, kwa ajili ya Kagera. Halafu wale askari wa Uganda wakaanza kuanguka mmoja mmoja, wanakufa tu hata neno hawasemi, na yule mtafsiri sijui aliona vibaya, akaanza kuwapa majina yeye mwenyewe. Huyu Okello, ana watoto wanne. Huyu Mugisha, mshahara hajapata miezi miwili. Watu walicheka, halafu polepole wakaacha kucheka, na akaendelea kuwataja mpaka kanda ikaisha.